Ufunguo wa Pili wa Chemchemi

Karakana ya Kuchomelea,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, mchana wa mvua.

Mpendwa Dada,

Natumai barua hii inakukuta umeketi, mguu umeupumzisha juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, wala hujasimama jikoni ukijifanya mzima. Goti linaendeleaje? Shemeji je, kile kifua kimemwachia? Wapwa zangu waambie mjomba wao anawakumbuka, na yule wa mwisho aache kuikalia simu kama kuku juu ya mayai, anipigie.

Sisi huku hatujambo. Macho ya Mama yanazidi kufifia, lakini ulimi u mzima kama wembe mpya. Juzi kanipapasa mkono akasema nimekonda, akataka kujua ni nani ananila.

Dada, nimekonda kweli. Nakuambia wewe kwa sababu ndiye uliyenibeba mgongoni, unaujua moyo wangu. Unakumbuka siku uliyonipeleka shule ukamshika mkono mtoto wa jirani, nikalia njia nzima mpaka ukanirudisha nyumbani? Basi bado ni yule yule. Naona wivu. Wivu wa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na hakuna wa kunirudisha nyumbani.

Chanzo ni maji. Mwanzoni mwa mwaka mabomba ya mtaani yalianza kutoa maji yenye harufu ya dizeli. Watoto wakaharisha, hata huyu binti yangu, binti yako, tukamlaza zahanati. Ofisi ya maji ikasema hilo ni jambo la watu wa afya. Watu wa afya wakasema waulizwe wa soko. Wa soko wakanyoosha kidole kwenye gereji zilizo juu ya chemchemi inayotupa maji, na wenye gereji wakasema wao hawajui lolote, mafuta huwa yanatoka tu ardhini. Kila mtu akawa anamtupia mwenzake mpira.

Wifi yako, ambaye kazi yake ni kuandikisha wagonjwa pale zahanati, ndiye aliyechoka. Aliwaita wote, akawakalisha kwenye benchi la wagonjwa, akawaambia hakuna anayeinuka mpaka wajue nani anafanya nini. Sijui aliwaroga na nini. Walipoinuka walikuwa wamepanga siku za kuzoa taka za mfereji unaopita kando ya chemchemi, wamekubaliana oili chafu iwekwe kwenye mapipa badala ya kumwagwa, na yeye wamemfanya mratibu wa kamati yao.

Nilijivuna, Dada, nisikudanganye. Nilijivuna kama wiki moja hivi.

Kisha akaja Bwana Chupa. Ni mpimaji wa ofisi ya maji, na watu wamempa jina hilo kwa sababu hatembei bila kreti ya chupa ndogo za kuchotea maji. Kijana mrefu, anajua kusikiliza, akicheka anainamisha kichwa. Sina ubaya wa kumsema, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Asubuhi wako mferejini, mchana wako gereji, jioni wako kwenye benchi na kamati yao. Wifi yako akirudi nyumbani anafua buti zake, anakula kimya, analala. Kicheko chake nilikuwa nakisikia nikipita nje ya zahanati na baiskeli yangu. Ndani ya nyumba yangu hakikuingia.

Siku moja wakaja wote wawili karakanani. Nilikuwa nachomelea geti, nikavua miwani. Wifi yako akanisalimu hivi: "Habari za kazi, fundi." Fundi! Mimi niliyemwoa. Akaniambia kamati inataka mfuniko wa chuma wa kufunika chemba ya chemchemi, mahali penye koki inayopeleka maji kwenye tangi, ili mtu asitupe kitu humo. Bwana Chupa akanyoosha karatasi ya vipimo. Nikapokea kama ninayepokea hati ya talaka.

Niliutengeneza mfuniko ule kwa hasira, na huenda ndiyo sababu ukatoka mzuri kuliko kazi zangu zote. Siku ya kuufunga, kamati nzima ilikuwepo, na wenye gereji, na wauza nyama. Kufuli lilikuwa na funguo mbili. Mwenyekiti wa soko akasema mmoja akae nao mratibu, wa pili akae nao Bwana Chupa.

Dada, nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Yeye na mke wangu, kufuli moja, funguo mbili. Hiyo si ni ndoa? Kabla sijajua ninasema nini nikawa nimesimama katikati ya watu. Nikasema ufunguo wa pili lazima ubaki kwa fundi aliyetengeneza, ndivyo ilivyo katika kazi yetu. Hakuna kitu kama hicho katika kazi yetu. Wifi yako akanitazama, nikajua amenisoma mpaka mfupani. Mwenyekiti akasema ni wazo zuri, maana karakana iko karibu. Wakapiga makofi.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kumbe maji yanapimwa kila asubuhi! Basi kila asubuhi, kabla sijawasha hata mashine, Bwana Chupa yuko mlangoni mwangu na kreti yake: "Shikamoo fundi, naomba ufunguo." Nilimkwepa mtu, sasa nikawa naamkiwa naye. Na kwa kuwa sikutaka abaki na ufunguo wangu, ikanibidi niende naye, nimfungulie, nisubiri achote, nifunge. Mtaa mzima ukadhani nimependa kazi. Mama akaniita mlinzi wa chemchemi.

Sasa nikueleze yaliyotokea wiki iliyopita, maana hapo palikuwa pabaya. Mvua ilipiga tangu alfajiri. Gereji moja ya malori ilikuwa haijafunga pipa lake, likaangushwa na maji, oili chafu yote ikaingia kwenye mtaro, na mtaro ukafurika kuelekea bondeni. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja Bwana Chupa nilipoona maji yanayopita yana rangi za upinde wa mvua, yanateleza kama ngozi ya nyoka. Nikajua yanakokwenda. Chini kule ndiko kwenye chemba, na chemba ndiyo inayojaza tangi la mtaa mzima.

Nilikimbia bila kofia. Nikafungua mfuniko, nikapiga magoti topeni, nikaishika koki niifunge. Haikutaka kuzunguka. Mafuta yalikuwa yamefika ukingoni pa zege. Bwana Chupa akatokea, akatupa kreti, akashika upande wa pili, tukavuta pamoja mpaka ikakubali. Tukiwa tunahema, akaniambia: "Mkeo aliniambia, fundi akishika kitu hakiachii."

Nilifurahi, Dada. Halafu papo hapo nikakasirika. Maneno mazuri namna hiyo, kwa nini amwambie yeye? Mimi hajawahi kuniambia.

Wifi yako alifika amelowa, na nyuma yake kundi la watu. Hakunitazama mimi wala yeye, alitazama maji. Akamwagiza Bwana Chupa achote chupa za maji ya juu na ya chini ya chemba. Akawatuma mafundi wa gereji kwa maseremala wakalete magunia ya vumbi la mbao, wayamwage mtaroni yanyonye mafuta. Mimi akanituma nigonge milango, niwaambie watu wasiguse bomba, waliochota wamwage. Nikatii mbio. Hata wale wakubwa wa ofisi ya maji walikuwa wakimwuliza yeye la kufanya. Nilipogeuka kumtazama, amekunja sketi, sauti imemkauka, kila mkono unakwenda anakouelekeza, nilimwona mzuri kuliko siku ya harusi, na nikawaonea wivu hata wabeba magunia.

Mafuta hayakuingia tangini. Siku chache baadaye vipimo vikatoka safi, mabomba yakafunguliwa. Ile gereji sasa inachimba shimo la zege la kunasia oili, na mfuniko wake nimeagizwa mimi.

Jioni ya siku ile ya mvua, tukiwa mezani, wifi yako aliweka kijiko chini akaniuliza tangu lini namwonea wivu yule mtoto wa watu. Sikuwa na nguvu ya kukana. Nikamjibu, "Si yeye. Nawaonea wivu wote wanaokaa kwenye lile benchi. Wao wanakusikia ukizungumza."

Nikadhani atacheka. Akasema, kwa upole, "Na wewe uliniuliza lini?"

Nikirudi nyumbani huwa naoga, nawasha redio, naikodolea sahani macho. Nikaona haya. Basi nikanyoosha mkono nikaizima redio, nikamwuliza aliwafanya nini wauza nyama hata wakakubali kuacha kutupa matumbo mferejini. Akanitazama kidogo, kama anayepima kina kabla ya kuvuka. Kisha akaanza kunieleza, na alipofika kwa yule mchinjaji mnene aliyekimbia mkutano akanasa dirishani, akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha zahanati, na safari hii nilikuwa nacho ndani.

Sijapona, usidhani. Wivu ni kama kutu, ukiukwangua hapa unatokea pale. Lakini nakula sasa, na Mama amepunguza maneno.

Nisalimie Shemeji na wapwa zangu wote. Mama anakubusu mikono, binti yako anakuuliza shangazi utakuja lini. Wifi yako naye anakusalimu sana; amesimama nyuma yangu hapa anataka nikuulize maji yenu huko yanatoka wapi, juu yake kuna nini, na ni nani anayeyalinda. Tafadhali jibu kwa urefu. Nataka jioni moja niwe na jambo la kumweleza ambalo kamati yake haijalisikia.

Mola akulinde na alinyooshe goti lako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mwenye roho ile ile,

Fundi