Debe la Muuzaji

Mjukuu wangu Petro,

Marahaba. Najua unacheka kuniita bibi nami bado nanyonyesha, lakini bibi yako ni dada yangu, vumilia tu. Mtoto anaota meno, usingizi sina.

Unauliza kama uache kazi siku tatu uende mkutano wa wanunuzi wa serikali. Nenda.

Kabla sijaolewa nilinunua mahindi ya hospitali hapa Tabora. Kila wiki yalipungua, nikamshuku mpishi, Mama Salome. Barua ya kumfukuzisha kazi nilikwisha kuiandika, ndipo nikaitwa mkutano kama huo. Mnunuzi mmoja mzee kutoka Kigoma akaniuliza, “Binti, unapimiwa kwa debe la nani?”

“La muuzaji.”

Wakacheka wote. “Ulishaligeuza ukaona kitako?”

Niliporudi nililigeuza. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani, debe likapima pungufu. Barua niliitia kwenye jiko la Mama Salome na kumweleza yote. Alininunia wiki nzima, na alikuwa na haki.

Pale hospitalini nilikuwa mnunuzi peke yangu. Hakuna ambaye angeniuliza swali lile. Wewe huko Urambo unaye nani? Nenda, baba, na uketi karibu na wazee.

Bibi yako mdogo,
Monika