Sauti ya Mama kwenye Kisanduku

Kolovai, Tonga
3 Machi

Baba,

Shikamoo. Jambo hili sijamwambia mtu, hata Bibi: sijawahi kumsikia marehemu Mama akiimba kwenye kile kisanduku cha kusafishia sauti ya kompyuta ulichotuma. Niliandika kwamba nimemsikia, ukafurahi, nikaona haya kurudi nyuma. Dada Lesieli naye nilimdanganya. Kila Jumamosi anamtuma Bibi mlangoni kwangu kuuliza zamu yake ya kusikiliza ni lini. Namjibu bado narekebisha, sauti itoke vizuri zaidi.

Taa ya kisanduku inawaka, lakini sauti inatoka kwenye spika za kompyuta, nyembamba kama ya mbu. Kwaya nzima kama imefungiwa ndani ya debe! Na usiniambie nisome maelekezo. Nimeyasoma kwa Kiingereza, nikayatafsiri kwa Kitonga, nikayasoma tena.

Mgongo wako vipi? Zabibu za kuchuma bado nyingi? Barua hii nampa Maka anayerudi huko, maana kwenye simu nyumba nzima inasikiliza. Lesieli anaondoka tarehe 16 Aprili kwenda Suva, Fiji, kusomea uuguzi. Nisaidie kabla hajaenda.

Mwanao,
Saia

Robinvale, Australia
19 Machi

Mwanangu Saia,

Marahaba. Mgongo upo, unanisalimia kila asubuhi kabla yenu. Bibi hajambo?

Miezi mitatu, Saia! Kambi nzima ya wachumaji nimeitangazia kwamba mwanangu amemsikia mama yake. Mzee aliyeihamishia ile kaseti ya kwaya yake kwenye kompyuta alisema humo kuna kila kitu, hadi pumzi. Mama yako alikuwa akivuta pumzi kabla ya wenzake; mwalimu wa kwaya alimkaripia miaka kumi, hakuacha. Kitu kidogo namna hiyo spika za kompyuta hazikitoi. Ningenunua kisanduku cha nini?

Je, kompyuta inalionyesha jina la kisanduku? Usinijibu "sijui". Muulize dada yako, yeye ndiye mwenye kichwa cha mashine.

Baba yako

Kolovai
27 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa mimi ninayekaribia kupasuka.

Nimuulize vipi? Nikae na dada yangu mbele ya skrini moja, nivunje mwiko wetu wa kaka na dada kukaa chumba kimoja, Bibi azimie? Yeye alikaa jikoni, mimi chumbani, Bibi akasimama katikati.

"Anasema bonyeza picha ya kispika, chini kulia kwenye skrini."

"Nimebonyeza."

"Anasema, jina la kisanduku lipo?"

"Halipo."

"Anasema wewe ni zuzu."

"Bibi! Dada hawezi kusema hivyo!"

"Hakusema. Nimesema mimi, miguu inaniuma."

Mwishowe Lesieli akauliza waya ukoje. Mweupe, mwembamba. Bibi akarudi: "Anasema huo ni wa kuchajia simu tu. Unapitisha umeme, muziki haupiti."

Kumbe ndiyo maana taa inawaka! Baba, waya huo ulitoka kwako, ndani ya boksi. Unaochajia simu yako ukoje?

Saia

Robinvale
5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ni mweusi, mnene. Nachajia nao tangu Desemba.

Usimwambie Bibi.

Ninautuma kwa mkono wa Penisoni. Waya ni kosa langu, lakini uwongo sikuufunga mimi kwenye boksi lile. Mwambie dada yako ukweli kabla hajaondoka.

Baba yako

Kolovai
14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Penisoni amefika. Bibi alikuwa tena katikati, safari hii akataka kiti. Jina la kisanduku likatokea, nikalichagua. Bado sauti ilikuwa ya kawaida, hadi Lesieli akasema kompyuta inaipunguza rekodi njiani: nipandishe kipimo cha sauti kutoka elfu arobaini na nane hadi elfu tisini na sita, kama rekodi yenyewe. Nikapandisha. Taa ikageuka kutoka bluu kuwa njano. Nikavaa spika za masikioni.

Nilisikia benchi likilia, mtu akifunua kitabu. Halafu, kabla ya ubeti wa pili, pumzi moja, peke yake, imewahi. Nilirudia mara nane. Nilichokuandikia kuhusu sauti yake kilikuwa upuuzi mtupu, Baba. Si nyororo. Ina ukali kidogo, kama anagombana na mtu.

Bibi anapiga kelele: "Saia, toka! Zamu ya dada yako!" Nyayo za Lesieli ziko ukumbini. Kumwambia kwa mdomo kwamba nilimdanganya sitaweza, unanijua. Barua zako zote huwa nazificha chini ya godoro, na hii nilishaanza kuikunja.

Nimeikunjua. Naiacha juu ya kibodi, upande ulioandikwa ukiwa juu, pamoja na ile yako ya Machi. Atakutumia yeye akimaliza kuisoma. Mimi natokea mlango wa nyuma.

Saia