Jalada Moja, Santuri Mbili

Kaka Mashine,

Mtaa mzima wa Bakoba ulikuita hivyo, na mimi sina jina jingine la kukufikia nalo. Naongea na wewe mchana kutwa humu ndani, halafu nasubiri unijibu. Hakuna. Basi naandika.

Unakumbuka ulivyozileta zile santuri kutoka Kampala? Wenzako walivuka mpaka wa Mutukula na kahawa wakarudi na sabuni na mashuka. Wewe ukarudi na blanketi, ndani yake santuri peke yake. Ukaunga gramafoni kwenye betri ya gari, ikaanza: hakuna gitaa, hakuna mpiga ngoma, vinanda vya umeme tu, kama mashine. Mae akatoka jikoni. "Mwanangu, hiyo redio imeharibika, peleka kwa fundi." Tulicheka mpaka sindano ikaruka.

Uliyoipenda kuliko zote ni ile ya santuri mbili kwenye jalada moja la rangi ya fedha. Zilitolewa chache, kila jalada na namba yake ya kalamu. Ulikuwa ukiniambia, "Koku, shika pembeni. Vidole vyako vina utomvu wa ndizi, wa ebitoke." Ule wimbo mrefu unaanzia santuri ya kwanza, unaishia ya pili. Kiingereza changu chote nilijifunzia nyuma ya majalada yale.

Halafu ukimwi ukakuchukua. Watu wakaacha kupita kwetu, na waliopita hawakugusa vikombe vyetu. Siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa kugawa vitu vyako. Mtoto wa kike hagawiwi, unajua. Baba mdogo akasema, "Hizi sahani kila mwanaume achukue moja, iwe kumbukumbu."

Nikasema, "Waitu, baba mdogo, hizi mbili ni kitu kimoja, hazitenganishwi."

"Kimoja vipi? Mimi naona mbili."

Watu wakacheka. Jalada nikaachiwa mimi, kwa sababu hakuna aliyelitaka.

Ya kwanza ilikwenda Kashozi na baba mdogo. Nilimfuata, nikamsumbua mpaka akasema, "Chukua, umenichosha." Alikuwa anafunikia mtungi wa pombe ya rubisi. Nimeiosha, inalia vizuri. Ila wimbo ukifika katikati unakatika, na hapo unapokatika panauma kuliko kimya chenyewe.

Jana nimetoka kisiwani Bumbire. Ya pili iko kwa Ruta, mtoto wa shangazi, yule mvuvi uliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Ameitundika ukutani kwa msumari. Gramafoni hana, wala hajawahi kuisikia. Nikamwomba. Hakukataa, kaka. Aliitoa, akaifuta kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili. Halafu akauliza taratibu, "Nikikupa hii, mimi nabaki na nini cha kwake?"

Nikamrudishia. Nikasema nitakuja na boti ya Jumamosi, tuongee vizuri. Kesho ndiyo Jumamosi. Betri ya gramafoni nimeshaijaza, na nyumba hii bila wewe ni kubwa mno.

Pumzika, kaka. Lakini kwanza niambie: ungekuwa mimi, ungeichukua?

Mdogo wako wa tumbo moja,
Koku