Mkono Uliochorwa Ghalani

Wichita, Kansas
20 Juni 2005

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Mimi sijambo, kwa mwili. Nawasalimu na waumini wako wote, maana najua barua zangu huwasomea mimbarini kabla ya sadaka.

Jana mdogo wangu Delbert alinipigia simu. Eti mmenichora kwenye ukuta wa ghala la mahindi, mrefu kama mnara, nimeinua kiganja, na chini mmeandika: "Dunia hufuata mkono huu." Alicheka sana, akasema, kaka, pua wamekukosea, ila mkono ndio wenyewe. Akaniambia pia kwamba Jumatatu anakwenda kujiandikisha jeshini, kwa kuwa umemwambia Mungu hakuipa Marekani mkono huo iufiche mfukoni.

Basi tuuzungumze mkono. Kule Iraki nililinda kizuizi cha barabarani. Tulifundishwa kwamba ukitaka gari lisimame, inua kiganja. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua maana yake. Kama na wao wanajua, hakuna aliyeuliza. Sisi ndio viongozi wa dunia, bwana, wengine wajifunze.

Likaja gari jeupe. Nikainua kiganja. Dereva, mzee wa makamo yako, akainua chake, akatabasamu, akaendelea kuja. Nikainua tena, juu zaidi. Watoto wawili wakatoa mikono madirishani, wakanipungia. Nikafyatua risasi mpaka gari likanyamaza. Mkalimani wetu alikwenda akachungulia, akarudi akaniambia, "Bwana mkubwa, kwetu hiyo ni salamu. Walikuwa wanakuitikia." Nishani uliyoitundika sebuleni ni ya siku hiyo.

Lakini wewe unayajua haya. Nilikuandikia miaka miwili iliyopita. Delbert, bila kujua analosema, amenisimulia ulivyosoma ukurasa wa kwanza kanisani, ukaukunja wa pili, ukasema mengine ni ya baba na mwana. Kisha ukaagiza rangi ya ghala.

Safari hii nimeanza na Delbert. Nimemsomea yote kwenye simu. Akauliza, "Kwani Baba alijua?" Nikamwambia akuulize mwenyewe. Atapita kwako Jumatatu, kabla ya kujiandikisha.

Nisalimie wote. Watoto wanaopita ghalani, waambie wasinipungie.

Mimi mwanao,
Lyle