Samaki Watatu Kwenye Mashine ya Kurudufu

Jumapili, mwezi wa nne, 1992. Mvua.

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi usimsomee mtu hata mstari mmoja. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Ofisini kwetu wanasoma Kifaransa na Kinyarwanda, na Kiswahili wanakiona lugha ya sokoni.

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Mabati ya mtaa wetu wa Biryogo yote yananguruma kwa sauti moja, na mwanga wa chumbani ni wa kijani hafifu, kama ule anaouona mtu akifumbua macho ndani ya ziwa. Nimelala chali na kusikiliza. Kwa muda nilisahau kuwa kesho ni Jumatatu.

Ninaogopa.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kunakili barua na kuchapisha matangazo kwa mashine ya kurudufu. Nikipata nafasi huchonga samaki wadogo wa mbao, nikawapaka rangi na kuwatia waya na ndoana, kisha nikawavuta polepole katika maji ya ziwa Muhazi hadi kambale adhani ni chakula. Sijui kueleza raha ya kitu nilichokichonga kwa mikono yangu kinapoanza kuogelea.

Ila rangi haikai. Meno ya kambale ni kama msasa. Nilijaribu rangi ya kucha isiyo na rangi, ikayeyusha wino wa kalamu niliochorea magamba, yote yakachuruzika. Nilijaribu vanishi ya fundi seremala wa Kimisagara, na tumbo jeupe likageuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Mwisho nikapata gundi ya tyubu mbili, ile inayochanganywa nusu kwa nusu. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na rangi iliyo chini yake inang'aa kana kwamba bado mbichi.

Ina kasoro moja. Ukimtundika samaki akatulia, gundi yote hushuka tumboni na kuganda kama chozi. Lazima azungushwe, taratibu, bila kusimama, kwa nusu saa.

Na mimi ninajua kitu kimoja tu kinachozunguka taratibu.

Ijumaa mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilifunga mlango wa chumba cha mashine. Nikaizungushia ngoma yake karatasi safi ili wino usiwaguse samaki, nikabana nyaya zao watatu kwenye kibanio cha stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, nikaanza kuzungusha mkono wa mashine. Walipanda, wakashuka, wakapanda tena. Jua la dirishani lilikuwa likiwapitia mmoja baada ya mwingine. Sikumbuki kama niliwaza lolote. Nadhani nilikuwa na furaha.

Sikuwaza kwamba mlio wa mashine unasikika koridoni. Sikuwaza kwamba miezi hii kuna makaratasi ya siasa yasiyo na jina yanayosukumwa chini ya milango ya watu, na kwamba kila mwenye mashine kama ile anatazamwa. Tena ilikuwa Ijumaa, saa ambayo ofisi nzima inajua niko msikitini. Shangazi yangu nyumbani pia anajua hivyo.

Saa tisa Mama Devota, mpiga chapa wetu, mwanamke aliyeanza kazi pale kabla sijazaliwa, alikuja mezani kwangu. Mlinzi alikuwa amesikia, na ameshapeleka habari kwa wakubwa.

"Kijana, mashine ulikuwa unaizungusha ya nini?"

Nikamwambia nilikuwa naisafisha.

Alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu kama anayenunua nyanya. "Na wino iko wapi? Mimi nikisafisha ile kitu, nakula na wino siku tatu."

Nikaurudisha mkono chini ya meza.

"Hata kudanganya hujui, mwanangu," alisema, na nusura acheke. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkurugenzi ananitaka Jumatatu saa mbili, na kwamba mtu mwingine, si wa ofisi yetu, ameitwa pia. Hakusema ni nani.

Tangu wakati huo naviangalia viganja vyangu. Usiku wa jana ndipo nilipoona: kama ningekuwa nimechapisha karatasi hata moja, vingekuwa vyeusi. Mama Devota ameviona. Uongo wangu ndio unaoniweka hatarini. Ukweli ni kitu cha kuchekesha tu, karani mzima anawazungusha samaki kwa mashine ya serikali.

Watanicheka, au watanifukuza. Yote mawili nayaweza. Jambo la tatu siliandiki.

Kwa hiyo kesho nitafika kabla ya saa mbili, nitawaweka samaki wote watatu mezani kwa mkurugenzi, na nitaanza kusema kabla sijaulizwa. Leo jioni nitamwambia shangazi kuhusu sala niliyoikosa. Hilo naliogopa karibu sawa na lile.

Sasa wewe sikiliza. Ukitaka kunirudishia daftari, usinitafute ofisini. Njoo Biryogo mchana, watu wakiwa wengi, ushuke kichochoro cha washonaji mpaka kibaraza chenye cherehani mbili. Shangazi yangu ni yule mwenye miwani. Usitaje jina langu mbele ya wateja. Mwambie umekuja kupimwa kanzu, naye atakwambia nilipo, kama anajua. Lakini akikuelekeza mlango wa nyuma, basi nipo ndani. Gonga taratibu, na ungoje. Huenda nitakuwa nimelala.