Nyayo za Zahanati

Nyamisangura, 2 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Ndama amepona? Mimi na shangazi hatujambo. Wifi Rhobi anaendeleaje na mimba yake?

Simu yako bado mbovu, kwa hiyo nampa Emanueli wa bodaboda barua hii. Jirani yetu Baba Gidion ana duka la dawa. Jana alikuwa uani na wenzake, nami naanika nguo. Akasema, "Zahanati ya Kebosongo ikitoa dawa na kuzalisha, sisi tutauza nini, pipi?" Wakacheka. Umoja wao wa wenye maduka ya dawa umeshawaona madiwani. Wanataka zahanati yetu mpya ifunguliwe kwa chanjo tu, na chumba cha uzazi kiwe stoo.

Mama, mawe ya ukuta ule uliyabeba wewe. Na wifi alimpoteza mtoto wake wa kwanza njiani kwenda hospitali. Tafadhali mwone diwani.

Binti yako,
Mokami

Kebosongo, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na ndama anaruka.

Nilikwenda kwa diwani. Ni mtu mpole, alinipa kiti. Akasema, "Mama, wale wanakuja kila mara na mwenyekiti wao na katibu wao. Wewe umekuja peke yako. Nikisimama kikaoni, nitasema nani amenituma?"

Nikawaomba wanaume waende. Magige, baba yako mdogo, akanijibu, "Mambo ya leba ni ya akina mama."

Rhobi amemaliza kufuma sweta ya mtoto, lakini ameificha chini ya godoro.

Mama yako

Nyamisangura, 16 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako na nimeiwaza sana ile sweta.

Mwalimu Tabitha, anayetufundisha Uraia, anasema kikao cha madiwani kiko wazi kwa wananchi. Kitafanyika Alhamisi, tarehe 27. Wenye maduka hawavunji sheria kwenda kuomba, ila sisi tuna haki ileile, na wanaosikika ni wanaokwenda pamoja.

Najua wanaume hawatatoka kwa ajili ya leba. Lakini nakumbuka ng'ombe wa Mzee Mniko walipoibwa. Yowe moja tu, wakatoka wote, hata Baba Mdogo aliyekuwa na malaria. Wakafuata nyayo mpaka kijiji zilipoishia, na kijiji kile kikalazimika kujibu. Natamani zahanati nayo ingekuwa na mkia.

Binti yako,
Mokami

Kebosongo, 30 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na usinicheke.

Alhamisi asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini, nilisimama mbele ya zahanati nikapiga yowe. Akina mama wakalipokea mpaka ng'ambo ya mto. Wanaume wakaja mbio na fimbo.

"Wameelekea wapi?" Magige akauliza.

"Ng'ombe wapo. Kinachoibwa ni chumba cha uzazi. Nyayo zimeelekea mjini, kwenye kikao."

"Shemeji, yowe la uongo unalilipia faini ya ng'ombe."

"Najua. Zifuateni. Zikiishia hewani, mchukueni yule mwekundu ninayemkamua."

Mwanaume aliyeitikia yowe harudi nyumbani kabla nyayo hazijaisha. Baba yako akawa wa kwanza kusogea.

Fimbo tuliziacha nje ya ukumbi. Wenye maduka walikuwa wamekaa mbele na tai zao. Tulipoulizwa tumekuja kwa jambo gani, akasimama Magige, yeye huyohuyo wa mambo ya akina mama. Akasema, "Tumefuata nyayo za zahanati yetu. Zimeishia hapa. Kwetu, zinapoishia ndipo panapojibu."

Diwani wetu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasimama, akasema sasa anajua nani amemtuma. Madiwani wakapiga kura kwa mikono. Chumba cha uzazi kinabaki, na dawa, na mkunga anakuja.

Baba Gidion alinisalimia nje. "Mama, umoja wenu unatisha kuliko wetu."

Ng'ombe wangu mwekundu nimemkamua leo.

Mama yako

Kebosongo, 14 Juni 2025

Shangazi Mokami,

Ndiyo, shangazi. Usome tena.

Sote wazima, na tumeongezeka. Rhobi alijifungua jana mchana palepale zahanati, mkunga akiwa kando yake. Ni msichana. Alilia kwa sauti kubwa hata Magige akaja mbio kutoka malishoni na fimbo yake, anauliza nani ameibiwa. Nikamwambia arudi, leo hajaibiwa mtu. Hakurudi. Alikaa nje ya mlango mpaka akaonyeshwa mtoto.

Ile sweta imefuliwa. Rhobi ameianika mwenyewe, upande wa barabarani.

Bibi yake