Ukurasa wa Nne

Baba,

Mama amehamia Njiru kwa kaka. Patasi zako nimebaki nazo hapa Kayole, nazipaka mafuta kila Jumapili ingawa sijui kuchonga. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu nimeitwa na meneja, na naogopa.

Baada ya kukuzika nilipata kazi ya ukarani. Kampuni yetu inajaribu dawa ya kupunguza kasi ya uzee. Wanasema ikifaulu, mtu atafikisha miaka mia na hamsini akiwa na nguvu zake. Usicheke. Nilipoisikia mara ya kwanza nilijifungia chooni nikalia. Wewe presha ilikuchukua ukichonga twiga wa mbao ambaye hata miguu hukuwa umemmaliza.

Jana tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, wazee wamejaa. Kazi yangu ni kugawa fomu za ridhaa na kuonyesha mahali pa kutia sahihi. "Ukurasa wa nne usiwasumbue nao," meneja alikuwa ameniambia. Ukurasa huo unasema nusu yao watapewa vidonge visivyo na dawa yoyote, bila kujua. Unasema pia kwamba mpaka sasa walioongezewa maisha ni panya tu.

Mama Mutheu, yule jirani wa chini, alikuwa ameshika kalamu tayari, anawachekesha wenzake: "Mkinipa miaka mia, na landilodi naye mtampa mingapi?"

Nikamkumbuka yule ndovu wako wa mbao aliyepasuka sikio. Nilikuwa darasa la sita. Mteja alikuwa anakuja, nami nikakuletea gundi, vumbi la mbao na kopo la rangi ya viatu, kama nilivyowaona wachongaji wenzako wakiziba nyufa. Ulilisukuma kopo. "Hiyo ni ya viatu, Mueni. Mwonyeshe ufa, aamue mwenyewe." Mteja aliuona, akaenda zake. Ndovu yuko hapa mezani ninapoandika.

Basi nilisimama, Baba. Mimi, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda kliniki hunichukua wiki nzima. Niliusoma ukurasa wote, polepole. Mzee mmoja aliyestaafu reli akapiga kelele, "Kumbe sisi ndio panya wa pili!" Watu wakacheka, kisha wengi wakachukua mikoba yao.

Mama Mutheu alibaki. Akaivuta fomu karibu, akasema, "Panya hana wajukuu wa kuwaona wakikua. Mimi ninao. Sasa najua ninachotia sahihi. Nionyeshe mahali, mwanangu."

Nikamwonyesha mstari, akatia sahihi.

Sijui kama dawa itafanya kazi. Nikiwa nimetulia naiona kama ndoto ya watu wasiotaka kuzikwa. Nikiitazama miguu ya yule twiga wako, naitaka iwe kweli, hata kesho, hata kama wewe haitakufaa tena. Ndiyo maana sitaki kuacha kazi hii. Na ndiyo maana sitauruka ule ukurasa.

Jumatatu nitamwambia meneja hivyo. Akinifukuza, atamfukuza mtu aliyeusoma.

Lala salama, Baba. Asubuhi hiyo nitafungua lile kopo la rangi, na nakuahidi, nitapaka viatu tu.

Binti yako,
Mueni